Wabudha na kifo: picha ukutani, shairi kinywani

Ndugu msikilizaji, juma hili nimekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja, hasa saa za jioni kama hizi watu wanapokuwa mezani. Jambo lenyewe ni kifo. Hata hivyo sitakizungumzia kwa njia tuliyoizoea, ya mahubiri ya kanisani au mawaidha ya msikitini. Nitakwenda mbali kidogo, hadi India, Sri Lanka, Tibet na Japani, kwa wafuasi wa Budha, ili tuone jinsi walivyotumia rangi, jiwe na shairi kusema habari za kufa na za kuzaliwa upya.

Huenda ukauliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Kwanza, Wabudha si watu wa mbali kama tunavyodhani. Hapo Dar es Salaam lipo hekalu lao, lililoanzishwa na watu kutoka Sri Lanka tangu enzi za utawala wa Waingereza, na wapita njia wengi hawajui kuna nini nyuma ya ukuta wake. Pili, sisi watu wa redio ndio tunaosoma matangazo ya vifo. Tunataja jina la marehemu, ukoo wake, mahali pa mazishi, na ndugu wanaopaswa kupata habari popote walipo. Tangazo likiisha, muziki unaanza. Msikilizaji amekwisha kujua nani amefariki, lakini hakuna aliyemwambia aifanye nini habari ile iliyomwingia kifuani. Swali hilo ndilo Wabudha walilolifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 2,000, na sehemu kubwa ya kazi hiyo waliwaachia wachoraji, wachongaji na washairi.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Kwa mujibu wa masimulizi yao, Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Budha, alizaliwa katika ukoo wa watawala huko Lumbini, mahali ambapo leo ni nchi ya Nepal, yapata miaka 2,500 iliyopita. Baba yake alimlea katika starehe tupu, asije akaona dhiki ya aina yoyote. Siku moja kijana akatoka kwa gari la farasi. Akaona mzee aliyepinda mgongo. Safari nyingine akaona mgonjwa. Kisha akaona maiti ikipelekwa kuchomwa moto. Mwisho akaona mtawa asiye na mali, lakini uso wake umetulia. Sasa, msikilizaji, angalia jambo hili: huyu kijana hakusomewa kitabu wala hakuhubiriwa. Aliona kwa macho yake. Dini hii imeanza na mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho wakubwa wake walitaka kukificha, na kazi ya msanii wa Kibudha tangu hapo imekuwa ni kuwaonyesha wengine kitu hicho hicho.

Mafundisho yenyewe, kwa ufupi, ni haya. Kila kinachotokea kimetokea kwa sababu zake, na sababu hizo zikiisha nacho hutoweka. Mwanadamu naye ni hivyo hivyo. Matendo yake, ambayo wao huyaita karma, huzaa matokeo, na matokeo hayo hayakomi pumzi inapokatika. Huzaa maisha mengine. Hapa lazima nisahihishe dhana moja iliyoenea. Wengi wetu tukisikia kuzaliwa upya tunadhani ni habari njema, kama mtu aliyeongezewa muda wa mkopo. Kwa Wabudha, kuzaliwa tena na tena ndiyo taabu yenyewe: kuugua tena, kuzeeka tena, kufiwa tena. Shabaha yao ni kutoka katika mzunguko huo, na hali ya kutoka wanaiita nirvana, neno ambalo asili yake ni kuzimika, kama moto unavyozimika kuni zikiisha.

Lakini kuna fumbo. Budha alifundisha pia kwamba ndani ya mtu hamna roho ya kudumu isiyobadilika. Sasa kama hamna roho, ni nini kinachozaliwa upya? Swali hili si la kwetu peke yetu. Aliliuliza mfalme mmoja wa asili ya Kiyunani, Menander, aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Wabudha humwita Milinda, na wana kitabu kizima cha mazungumzo yake na mtawa aliyeitwa Nagasena.

Nagasena hakumjibu mfalme kwa maneno ya kifalsafa. Alimpa mifano. Alimuuliza: mtu akiwasha taa kwa moto wa taa nyingine, je, ile taa ya kwanza imehamia kwenye ya pili? Mfalme akasema la. Kisha akamuuliza kama alipokuwa mtoto aliwahi kujifunza shairi kwa mwalimu wake. Mfalme akakubali. Je, shairi hilo lilimtoka mwalimu likaingia kwako? Mfalme akasema la.

Yeyote aliyekariri mashairi shuleni ataelewa mara moja. Mwalimu bado analo shairi lake, na mwanafunzi sasa analo. Hakuna kitu kilichobebwa kutoka kichwa hiki kwenda kichwa kile, na bado, kama si yule mwalimu, mwanafunzi asingekuwa nalo. Hivyo ndivyo Nagasena alivyotaka mfalme ayafikirie maisha haya na yale yajayo. Na mfalme alipohofia kwamba kwa hoja hiyo mwovu atakwepa adhabu, kwa kusema aliyetenda si mimi bali ni yule wa kwanza, Nagasena akamtolea mfano wa mwizi wa maembe. Mwizi akikamatwa akajitetea kwamba maembe niliyochuma siyo yale aliyoyapanda mwenye shamba, kwani yeye alifukia kokwa tu, hakimu gani atamwachia? Kokwa na embe si kitu kimoja, lakini embe limetokana na kokwa, na mwizi atalipa.

Mifano ya namna hiyo humtosha mfalme aliyeketi na mtawa msomi. Je, mkulima na mchunga ng'ombe asiyejua kusoma? Kwa ajili yake likachorwa gurudumu.

Mpaka leo, ukienda kwenye nyumba za watawa za Tibet, Bhutan au Ladakh, barazani, karibu na mlango wa kuingilia, utakuta picha kubwa ya gurudumu imechorwa ukutani. Picha hiyo ni ya kale. Katika mapango ya Ajanta nchini India, kwenye baraza ya pango ambalo wataalamu wamelipa namba 17, kuna mabaki ya gurudumu lililochorwa katika karne ya 5. Na iko hadithi ya asili yake ambayo mimi, kama mtangazaji, naipenda sana. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wanafunzi wa Budha, Maudgalyayana, alikuwa na uwezo wa kusafiri hadi jehanamu na kwenye makao ya wafu, kisha akarudi na kuwaeleza watu aliyoyaona. Watu wakawa wanafurika kumsikiliza. Budha akasema mtu huyu mmoja hawezi kuwa kila mahali. Basi akaagiza mambo yale yachorwe katika gurudumu mlangoni mwa kila nyumba ya watawa, na awekwe mtawa mwenye ujuzi wa kuwaeleza wageni maana yake. Kwa maneno mengine, picha haikuachwa ijieleze yenyewe. Ilikuwa na msemaji wake.

Sasa hebu tuitazame picha hiyo pamoja, msikilizaji, japo kwa masikio. Katikati kabisa kuna wanyama watatu wanaoumana mikia: nguruwe, nyoka na jogoo. Nguruwe ni ujinga, nyoka ni chuki, jogoo ni tamaa. Hao ndio injini ya gurudumu. Wanaowazunguka ni watu: upande mmoja, wenye rangi nyeupe, wanapanda, upande wa pili, mweusi, wanaporomoka. Kisha yanafuata makao sita ambamo kiumbe aweza kuzaliwa. Kuna makao ya miungu, ya majitu yanayopenda vita, ya binadamu, ya wanyama, ya mizuka yenye njaa, na ya jehanamu. Mizuka ile ina matumbo makubwa na shingo nyembamba kama uzi. Hata ikipata chakula hakipiti. Mtu wa mjini akiiona anaweza kumtambua jirani yake, au kujitambua mwenyewe.

Kuna mambo mawili yatakayomshangaza Mkristo au Mwislamu. La kwanza, hata miungu wamo ndani ya gurudumu. Wanaishi muda mrefu katika anasa, lakini nao hufa wakaporomoka. La pili, jehanamu si ya milele. Muda wake ukiisha, aliyemo hutoka akazaliwa kwingine.

Kwenye ukingo wa nje kuna picha ndogo 12 zinazoonyesha jinsi jambo moja linavyozaa jingine mpaka kifo. Ya kwanza ni kipofu anayepapasa kwa fimbo, yaani ujinga. Ya pili ni mfinyanzi na vyungu vyake, yaani matendo tunayoyafinyanga. Yumo tumbili, anayewakilisha fahamu isiyotulia tawi moja. Wamo watu ndani ya mtumbwi. Kuna nyumba yenye madirisha, nayo ni milango ya hisi. Kuna mlevi, mchuma matunda, mwanamke anayejifungua, na mwisho kabisa mtu aliyejitwika maiti. Kisha duara linarudi kwa kipofu.

Na nani analishika gurudumu lote hilo? Ni Yama, bwana wa mauti, mwenye macho makali, amelikumbatia kwa kucha na kuling'ata kwa meno. Lakini juu, nje ya gurudumu, amesimama Budha akiuelekeza mkono wake kwenye mwezi. Hilo ndilo tumaini lililo katika picha: gurudumu ni kubwa, lakini lina nje yake.

Hapo ndipo msanii alipokutana na tatizo jingine. Aliyeko ndani ya gurudumu anachoreka kirahisi: ana tumbo, ana njaa, ana hasira. Je, aliyekwisha kutoka anachorwaje? Wachongaji wa Sanchi, katikati ya India, katika karne ya 1 kabla ya Kristo walipochonga malango ya mnara wao mkubwa hawakumchonga Budha mwenye sura ya mtu. Walichonga kiti kitupu chini ya mti. Walichonga nyayo, au farasi mwenye mwavuli juu yake lakini hana mpandaji. Watu wanakisujudia kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Yeyote aliyewahi kuingia chumbani mwa mzazi wake baada ya mazishi, akakiona kiti chake pale pale kilipokuwa, hahitaji kutafsiriwa jiwe hilo.

Baadaye sanamu za Budha zikawa za kawaida. Huko Polonnaruwa, Sri Lanka, katika karne ya 12, enzi za Mfalme Parakramabahu wa Kwanza, waliuchonga mwamba wakatoa Budha aliyelala kwa ubavu wa kulia, urefu wake yapata mita 14. Mchongaji ameubonyeza kidogo mto wa jiwe pale kichwa kilipolala, kana kwamba ni pamba. Na miguu haikupangwa sawasawa; mmoja umerudi nyuma kidogo. Kwa desturi ya Sri Lanka, hiyo ndiyo alama kwamba hajalala usingizi bali amekata roho. Jiwe lote lile kubwa, na habari nzima ya kifo imewekwa kwenye vidole vya miguu.

Sio sanaa yote ya Kibudha iliyokuwa ya upole namna hiyo. Nchini Japani, kuanzia karne ya 13 hadi ya 19, walichora picha za hatua tisa za maiti inayooza. Kwanza ni mwanamke mzuri wa jumba la kifalme aliyefariki. Kisha mwili unavimba, unabadilika rangi, unaraka, unaliwa na mbwa na ndege, hadi inabaki mifupa iliyotawanyika majanini. Mara nyingi picha ziliambatana na mashairi. Asili yake ni zoezi la kale la watawa, la kuutafakari mwili makaburini ili kuikata tamaa ya mwili. Masimulizi mengine yanamhusisha mwanamke huyo na Ono no Komachi, mshairi wa karne ya 9 aliyesifika kwa uzuri. Mengine yanamtaja malkia Danrin, ambaye inasemekana aliusia mwili wake uachwe wazi ili watu wajifunze.

Hapa sina budi kusema jambo. Ukijiuliza kwa nini maiti ile karibu daima ni ya mwanamke, jibu ni kwamba mafundisho yalilenga macho ya watawa wa kiume. Wao ndio waliotaka kushinda tamaa, na mwili wa mwanamke ndio uliolipishwa gharama. Tunaweza kuheshimu ujasiri wa picha hizo na bado tukaiona dosari hiyo. Kwa upande mwingine, hadithi ya Danrin inamwonyesha mwanamke anayeamua mwenyewe kufundisha kwa mwili wake, na pengine ndiyo maana imesimuliwa muda mrefu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatupaswi kushtuka sana. Utenzi wa Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unauonya moyo kwa kuuonyesha majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Mshairi Mwislamu na mchoraji wa Japani wanakubaliana kwamba mwenye kuisahau mauti anajidanganya. Wanapoachana ni kwenye linalofuata. Kwa Mwislamu safari ni moja, na mbele kuna hukumu. Kwa Mbudha safari zimekuwa nyingi mno, na kazi ni kuzikomesha.

Wingi huo wa safari unanirudisha kwa wanawake, safari hii wakisema wenyewe. Wabudha wana mkusanyo wa kale sana wa mashairi uitwao Therigatha, yaani tungo za watawa wa kike wazee, ambao ni miongoni mwa mikusanyo ya mwanzo kabisa duniani ya mashairi yanayonasibishwa na wanawake. Tungo hizo zilipokezanwa kwa mdomo kabla hazijaandikwa. Wengi wa wasemaji wake waliingia utawani kwa njia ya msiba. Mmoja ni Patacara ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alipoteza mume, watoto wawili, wazazi na kaka katika muda mfupi, akarukwa na akili. Mwingine ni Kisa Gotami. Huyu anasimuliwa kwamba alizunguka na maiti ya mwanawe akiomba dawa. Budha akamwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Akabisha hodi nyumba hadi nyumba. Haradali ilikuwapo kila jikoni. Nyumba aliyoagizwa haikupatikana.

Lakini anayenigusa zaidi ni Ubbiri. Alikuwa akienda makaburini kumlilia binti yake aliyeitwa Jiva. Budha akamwambia kwamba katika uwanja ule ule wamekwisha kuchomwa mabinti 84,000 walioitwa Jiva. Je, anamlilia yupi kati yao? Mtu akisikia haraka ataona ni maneno ya ukatili. Yatafakari kidogo. Kama maisha ni mengi, basi mama huyu amekwisha kufiwa mara zisizohesabika, na kila mara alilia hivyo hivyo, na kila mara alisahau. Budha hakumwambia kwamba binti hana thamani. Alimfungulia mlango akaona ukubwa wa kilio, chake na cha akina mama wote waliosimama pale. Ubbiri anasema katika utungo wake kwamba mshale uliokuwa umemchoma moyoni ulitoka.

Je, hutoka kwa kila mtu? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo na mtu mmoja, Kobayashi Issa, mshairi wa Japani aliyezaliwa mwaka 1763 katika kijiji cha milimani kiitwacho Kashiwabara. Issa alikuwa Mbudha wa madhehebu ya Ardhi Safi. Aliandika haiku, mashairi mafupi yenye silabi 17 tu. Ili msikilizaji apate kipimo, mshororo mmoja wa shairi letu la tarbia huwa na mizani 16. Kwa hiyo haiku nzima ni kama mshororo mmoja wetu na pumzi moja ya ziada.

Mama yake Issa alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alioa akiwa amevuka umri wa miaka 50. Mtoto wa kwanza hakuishi hata miezi miwili. Wa pili, binti aliyeitwa Sato, alikuwa furaha ya nyumba. Mwaka 1819, akiwa na umri wa mwaka mmoja na kitu, ndui ikamchukua. Baba yake akaandika shairi ambalo Wajapani hawajalisahau.

Sitalisoma, ila nitaeleza linavyofanya kazi. Umande ni mfano wa kale wa Wabudha: unametameta asubuhi, na jua likipanda kidogo tu umekwisha. Kila mtawa huutumia kueleza kwamba dunia haidumu. Issa naye anaanza kwa kuukubali mfano huo kikamilifu. Hapingi mafundisho. Kisha, katika silabi chache zilizobaki, anaongeza neno la kusita, la mtu aliyeelewa somo lote na bado mikono yake haijataka kumwachia mtoto. Shairi linaishia hapo. Halimalizi sentensi.

Katika silabi zile ndipo ninapoona kazi ambayo ushairi uliweza kuifanya na mafundisho peke yake hayakuweza. Mafundisho yanasema ukweli ni huu. Shairi linasema ukweli ni huu, na mimi ni baba. Yote mawili yamekaa pamoja, hakuna lililolifukuza jingine. Na Wabudha hawakulitupa shairi hilo eti lina imani haba. Walilihifadhi, wakalifundisha, kwa sababu kila aliyefiwa alijikuta ndani yake.

Issa alizika watoto wengine wawili baada ya Sato, na mwaka 1823 akamzika mke wake. Mwaka 1827 moto ukaiteketeza nyumba yake, akahamia ghalani, na humo akafa mwanzoni mwa mwaka 1828. Mke aliyemwoa baadaye alikuwa mjamzito. Miezi michache baadaye akazaliwa binti, na huyo ndiye aliyekua mpaka utu uzima.

Huko Japani kulikuwa pia na desturi ya mtu kutunga shairi la kuaga anapokaribia kufa. Watawa wa Zen walifanya hivyo, na askari wa kisamurai, na washairi wa haiku. Inasimuliwa kwamba Matsuo Basho, aliyefariki Osaka mwaka 1694, wanafunzi wake walipomwomba shairi la namna hiyo, aliwajibu kwamba kwa miaka mingi kila shairi alilotunga lilikuwa shairi lake la kufia. Alitaka waelewe kwamba anayesubiri saa ya mwisho ndipo aseme neno la kweli, amechelewa.

Kabla sijamaliza, nitaje desturi moja ya Tibet ambayo sisi wa redio tungeweza kuidai kuwa yetu. Wanacho kitabu ambacho nchi za Magharibi, tangu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1927, zimekiita kitabu cha wafu. Jina lake la Kitibeti lina maana ya ukombozi kwa kusikia. Mtu akifa, mtawa hukaa karibu na kumsomea maneno ya kitabu hicho, na usomaji waweza kuendelea hadi siku 49, ambazo ndizo wanazoamini kuwa muda wa mpito kabla ya kuzaliwa tena. Marehemu anaambiwa ataona mianga na sura za kutisha, asiogope, zimetoka akilini mwake mwenyewe. Anaelezwa pia habari za Yama mwenye kioo kinachoonyesha matendo yote, na za kokoto nyeupe na nyeusi zinazohesabiwa, nyeupe kwa mema, nyeusi kwa maovu. Maiti inasemezwa kama mtu aliye safarini. Na ndugu walioketi pembeni, ambao bado wana pumzi, wanasikia kila neno.

Ni haki pia niseme kwamba imani hii ina upande wake mgumu. Mafundisho ya karma yametumiwa mahali pengi kumwambia maskini, kilema au mjane kwamba anavuna alichopanda katika maisha yaliyopita, kwa hiyo anyamaze. Picha za jehanamu nazo zimewatia watu hofu, na hofu ni biashara inayolipa. Lakini gurudumu lile lile lina jibu kwa mwenye kulitazama vizuri, kwani wafalme na miungu wamo ndani yake wakiporomoka pamoja na wengine, na hesabu ya kokoto haimuulizi mtu cheo chake.

Sijasema haya ili mtu abadili dini yake. Aliye na msikiti wake abaki nao, na aliye na kanisa lake hali kadhalika. Ninachosema ni kwamba hawa wenzetu waliona mapema kuwa kifo hakiwezi kuachwa kiwe tangazo la nusu dakika. Walikiweka mlangoni ambapo kila mtu hupita, wakamweka na mtu wa kukieleza. Walikitungia mashairi mafupi ambayo hata mgonjwa aweza kuyatamka. Na mfiwa aliposema kwamba ameelewa yote lakini bado anaumia, hawakumwambia amekosa.

Sisi nasi tunazo nyimbo za maombolezo za makabila yetu, tenzi za mawaidha, na wazee wanaojua kumsimulia marehemu maisha yake hadharani siku ya matanga. Siku hizi matanga mjini yanafupishwa, watu wanawahi kazini, na mfiwa anaachwa na viti vya kukodi vinavyosubiri gari la kuvirudisha. Basi utakapokwenda msibani juma hili, na wengi wetu tutakwenda, usiishie kutoa rambirambi na kuandikisha jina daftarini. Kaa kidogo. Muulize mfiwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kisha umsikilize mpaka amalize.

Hadi juma lijalo, kwaherini.